Ndege Wetu Wanatazamwa Kutoka Ng'ambo



Mwenye noti yetu ya Kongo ya franka 1,000 mfukoni aitoe. Upande mmoja utaona kasuku, wale wa kijivu tunaowajua kwa mkia wao mwekundu. Sasa inua noti hiyo kwenye mwanga wa dirisha, utaona kichwa cha okapi kimejificha ndani ya karatasi. Noti hizi zinapita mikononi mwetu kutwa nzima, kwa motari wa pikipiki, kwa mama wa sombe, kwenye sadaka ya Jumapili. Lakini nikiuliza nani kati yetu amemwona kasuku akiruka porini mwaka huu, au okapi katika maisha yake yote, mikono itakayoinuka ni michache mno.

Leo nataka tuzungumze juu ya kutazama ndege na kupiga picha za wanyama. Najua kuna aliyekwisha kucheka. Watu wanauawa mashambani huko Beni, vita vimefika kusini mwa Lubero, na huyu wa redio anatuletea habari za ndege! Cheka, una haki. Ila usizime redio, kwa maana habari hizi zinaanzia Beni yenyewe, na zinahusu nani anayejua mali iliyomo kwenye nyumba yetu.

Tuanze na huyo okapi. Karibu na mwaka 1900, Harry Johnston, aliyekuwa akitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, aliwarudisha kwao Wambuti kadhaa ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua kwa hila ili akawaonyeshe watu kwenye Maonyesho ya Paris. Wambuti wakamsimulia habari za mnyama wa msituni anayefanana na punda na mwenye milia miguuni. Johnston alivuka mto Semliki akafika kituo cha Mbeni, ndiyo Beni ya zamani, na huko akaona jambo la ajabu: ngozi ya mnyama huyo ilikuwa imekatwakatwa na kufanywa mikanda ya askari. Akaomba vipande viwili, akavituma London. Baadaye afisa wa kituo, Msweden aliyeitwa Karl Eriksson, akampelekea ngozi nzima na mafuvu. Mwaka 1901 wataalamu wa London wakampa mnyama jina lao la kisayansi, Okapia johnstoni. Wambuti waliotoa habari hawakuingizwa katika jina hilo, wala mwindaji aliyemnasa. Askari aliyekuwa ameuvaa ule mkanda alipoteza mkanda.

Johnston hakuishia hapo. Kule juu Ruwenzori kuna shorobo mmoja wa kupendeza, mwili wa kijani na buluu, akifungua mabawa yanawaka wekundu. Huyo naye ameandikwa kwa jina la Johnston. Bwana alikuwa na bahati, au tuseme alikuwa na karatasi na posta.

Kisa cha pili kinatoka Ituri. Mwaka 1913, kijana Mmarekani, James Chapin, aliyekuja Kongo pamoja na Herbert Lang kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, alikuwa Avakubi. Akaona unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu, akauchukua. Akaulinganisha na ndege wote aliowajua, haukulingana na yeyote. Akauhifadhi miaka 23. Mwaka 1936, akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kibandiko kwamba ni tausi wachanga wa kufugwa. Unyoya ule ulikuwa wao. Ndivyo ulimwengu ulivyojulishwa kwamba Afrika nayo ina tausi wake, tausi wa Kongo. Mwaka uliofuata Chapin alirudi huku akampata ndege mwenyewe, naye alimpata kwa kuongozwa na wawindaji. Ninamheshimu Chapin. Aliandika vitabu vinne vikubwa juu ya ndege wa nchi hii, na mpaka leo anayetaka kujua ndege wetu lazima apite mlangoni kwake. Lakini fikirieni mwenye kofia. Kwake yeye tausi yule hakuwa fumbo. Alikuwa nyama ya jioni na pambo la kichwani.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba okapi ametoweka kabisa katika Hifadhi ya Virunga, kwa kuwa tangu mwaka 1959 hapakuwa na taarifa rasmi ya kuonekana kwake. Mwaka 2006 zikapatikana nyayo. Mwaka 2008, Jumuiya ya Zuolojia ya London pamoja na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi zetu, wakafunga kamera kwenye miti katika msitu wa Watalinga, huko mashariki mwa Semliki. Kamera hizo hazina mtu nyuma yake. Zina jicho dogo linalohisi joto na mwendo, mnyama akipita linafyatua. Septemba mwaka huo jumuiya hiyo ikatangaza kwamba hizo ndizo picha za kwanza kabisa za okapi akiwa huru porini. Tangu jina lake liandikwe London hadi picha hiyo ipatikane, ilipita miaka 107! Na aliyempiga picha ni sanduku lililofungwa kwenye shina la mti.

Mimi sina ugomvi na sanduku. Linafanya kazi usiku, haliogopi mvua, halilipwi mshahara na halitekwi. Ninachosema ni kwamba ukizipanga habari hizi zote mstari mmoja unaona pengo. Wenyeji walijua, wageni waliandika, mashine ikapiga picha. Mwenyeji anayetazama, anayeandika na anayepiga picha kwa mkono wake mwenyewe, huyo bado ni adimu kwetu. Na majirani zetu wanatuonyesha hasara ya kukosa mtu huyo.

Mwenye kujua njia ya Kasindi anajua kwamba ukishuka ukavuka mpaka, siku hiyo hiyo uko Uganda. Kaskazini mwa Ruwenzori, upande wa Bundibugyo, Waganda wana hifadhi ndogo iitwayo Semuliki. Ni ya kilomita za mraba 220 tu, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Virunga yetu ina karibu 7,800, ni ya tangu 1925, na imeandikwa ndege zaidi ya aina 700. Lakini watalii wa ndege kutoka Uingereza, Marekani na Afrika Kusini wanafungasha mabegi kwenda Semuliki. Wanafuata nini? Wanafuata ndege wa Kongo! Msitu wa Semuliki ni ukingo wa msitu wa Ituri uliovuka mto. Humo wanaishi hondohondo, vigong'ota na mdiria ambao makao yao makubwa ni huku kwetu, na ambao sehemu nyingine za Uganda hawapatikani. Mgeni analala karibu na chemchemi za moto za Sempaya, asubuhi anafuata njia ya Kirumia na kiongozi wake, anatembea hadi kingo za Semliki. Pale njia inaisha. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Anainua darubini yake, anatazama miti yetu, anaandika daftarini, anarudi kulipa hoteli kwa shilingi za Uganda.

Sisemi hivi kwa wivu. Jirani aliyefagia uwanja wake ana haki ya kupokea wageni. Kule Mabamba, kinamasi kilicho karibu na Entebbe, wavuvi walikuwa wakimchukia korongo domo-kiatu, wakiamini ukimwona asubuhi samaki hawaingii wavuni. Leo wavuvi hao hao wanawapeleka wageni kwa mtumbwi kumtazama, na mwenye kumwona asubuhi ndiye mwenye bahati. Nairobi nako, Mama Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi mwaka 1971, nayo yamewafundisha vijana wengi wa Kenya ambao leo ni viongozi wa watalii na watafiti. Yalianza na nini? Mtu, siku moja ya wiki, na saa ya kukutana.

Basi nasi twende msituni? Hapana. Hapo niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya. Huku kwetu tangu Oktoba 2014 watu wamekuwa wakiuawa vijijini na mashambani katika eneo la Beni. Utalii wa Virunga umesimama kwa miaka. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamekwisha kupoteza maisha katika kazi hiyo. Mkulima wa kakao anashindwa kufika shambani kuvuna kakao yake mwenyewe. Sembuse mimi nimwambie kijana aende Watalinga kutafuta hondohondo! Kijana anayeingia msitu huo kwa ajili ya picha simwiti shujaa.

Na si msitu peke yake. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Mtu aliyesimama kando ya barabara na darubini shingoni, au kamera yenye lenzi ndefu kama mkono, akielekeza upande wa kilima, ataulizwa maswali, na anayemuuliza hatakuwa anacheka. Nani atamlaumu askari? Tena kwa askari, lenzi inayotazama daraja, kambi, kizuizi au uwanja wa ndege ni kosa, hata kama wewe ulikuwa unamtazama kunguru aliyekaa juu ya antena. Kwa hiyo ya kwanza kabisa: mjulishe mkuu wa mtaa au wa avenyu, tembeeni watu wawili au watatu, mchana, na mkiulizwa fungueni daftari muonyeshe. Daftari lenye majina ya ndege linatuliza mambo kuliko maneno mengi. Na penye kizuizi, kamera ikae ndani ya begi.

Tutatazama wapi basi? Nyumbani. Ndiyo, Butembo hii hii, yenye vumbi na kelele za pikipiki.

Mji wetu umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, juu kidogo tu ya mstari wa ikweta. Una mabonde, na mto Kimemi unapita katikati. Una mabwawa ya samaki. Una misheni na parokia zenye miti iliyopandwa zamani, na viwanja vya vyuo ambako hakuna anayekata tawi bila ruhusa. Kila sehemu ya namna hiyo ina ndege wake. Shore, yule mwenye kichwa cheusi anayeanza kelele kabla ya kengele ya misa ya kwanza, yuko kila uani. Pasa wenye mikia mirefu wanatembea kwenye matawi kama panya na kutoboa maparachichi na mapera yetu. Chozi anakunywa kwenye maua ya migomba, na jua likimpiga shingoni rangi inabadilika mbele ya macho yako. Mwewe wanazunguka juu ya machinjio. Yangeyange wanafuata ng'ombe. Kwarara wanapita jioni wakilalamika angani, na sauti yao hakuna asiyeijua hata kama jina lao halijui.

Kuna kitu kimoja nisichokipenda, nitakisema. Vilima vyetu tumevijaza mikaratusi. Naelewa: mbao, kuni, makaa, fimbo za ujenzi, mji unakua. Lakini ukitembea dakika 20 ndani ya shamba la mikaratusi ukasikiliza, kisha ukatembea dakika hizo hizo kwenye bonde lenye miti ya kienyeji iliyobaki, hutahitaji profesa akufundishe tofauti. Kule Beni, shamba la kakao lililoachiwa miti mikubwa ya kivuli lina ndege wa msituni ndani yake. Mkulima wa kakao anayenisikiliza anajua mlio wa mabawa ya hondohondo akipita juu, unavuma mpaka unainua kichwa. Huyo mkulima siku akiweza kufika shambani kwa amani, asisahau kuandika alichokisikia.

Na bundi mnayemwogopa? Nitapita haraka. Anakula panya. Anayemuua anawaachia panya ghala lake la mahindi.

Sasa walimu wa somo hili tunao, na hatuwalipi. Ni watoto wenye manati. Msinikasirikie, wazazi. Mtoto wa miaka 10 wa Musienene au Kabasha anayewinda kwa manati anajua kiota kiko mti gani, ndege gani anatua chini kutafuta wadudu na yupi habanduki juu, mlio gani ni wa kuogopa nyoka na mlio gani ni wa kuita jike. Mimi nimewahi kutembea na watoto kama hao, na wao walimwona ndege wakati mimi bado natafuta mti. Ujuzi huo ndio aliokuwa nao mwindaji wa Chapin. Mpe mtoto huyo darubini kwa nusu saa, umwombe akuelekeze, uone nani ni mwanafunzi.

Darubini ni ghali, mtaniambia. Nzuri ni ghali, kweli. Lakini wafanyabiashara wa mji huu wanakwenda Dubai, wanakwenda Guangzhou, wanarudi na makontena ya vitenge, vipuri na taa za sola. Darubini ndogo haijazi hata kona ya sanduku. Tafuta zilizoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganywe na inayojisifu kukuza mara 50; mkono utatikisika, hutaona kitu. Na simu unayo. Weka jicho la simu kwenye kioo kimoja cha darubini, tulia, egemea ukuta, piga. Picha haitashinda zile za magazeti makubwa, lakini itatosha kujua ni ndege gani.

Tena tuna jeshi zima la wapigapicha ambalo halijatumwa kazi hii. Nazungumza na ninyi wapigapicha wa harusi na ubatizo. Mna kamera nzuri, mna lenzi ndefu za kumfuata bibi harusi kutoka mlangoni mpaka altareni. Jumatatu hamna harusi. Hapa ikweta jua linachomoza saa kumi na mbili, halichelewi wala haliwahi sana, mwaka mzima. Kuanzia hapo mpaka saa mbili na nusu mwanga ni laini, unaingia chini ya matawi. Ikifika saa nne jua limepanda juu, ndege mweusi anakuwa shimo na mweupe anakuwa karatasi. Kazi ya asubuhi basi imalizike asubuhi. Piga ukiwa umeinama usawa wa ndege, jicho lake liwe kali, mengine yasamehewe. Msimu wa mvua kamera isilale kwenye begi lenye unyevunyevu, ukungu wa mji huu unaota mpaka ndani ya lenzi.

Na kuna adabu yake. Kiota hakisogelewi, wala majani yanayokificha hayakatwi ili picha iwe nzuri. Ukiyakata umemfungulia mwewe mlango. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu mara kumi ili aje, anakuja akidhani ni adui, anaacha makinda yake. Na hili ni kubwa zaidi: simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ukirusha mtandaoni picha ya kasuku na kiota chake, umemwelekeza mteka kasuku mpaka kwenye shina. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotekwa porini ilipigwa marufuku na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, kwa sababu wanakamatwa wengi kuliko wanaozaliwa. Zima alama ya mahali kabla ya kupiga.

Kuna anayesema simu haina nguvu ya kufanya lolote. Aprili 2019, mlinzi wa Virunga, Mathieu Shamavu, alipiga picha kwa simu yake pale Rumangabo: yeye mbele, nyuma yake gorila wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kama watu wanaosubiri basi. Dunia nzima iliiona. Kwa miaka mingi kamera nyingi zilizokuja Virunga zilishikwa na wageni, nyingine zilifanya kazi kubwa na ya kishujaa, sikatai. Lakini picha hiyo ilikuwa na kitu ambacho mgeni hawezi kukileta: wanyama wale walikuwa wakisimama nyuma ya mtu wanayemjua. Ndakasi alikufa Septemba 2021, akiwa mikononi mwa mlezi wake, André Bauma, aliyemlea tangu 2007. Picha yao ya siku zile za mwisho nayo mnaikumbuka.

Karibu zaidi na sisi, mlima Tshiaberimu una gorila wachache sana waliobaki. Oktoba 2024 waliongezewa majike wanne waliolelewa katika kituo cha GRACE, kule Kasugho, Lubero. Watu wa kituo hicho waliyatimiza hayo huku vita vikiwa karibu. Nikisikia mtu anasema wakati wa vita hakuna linalowezekana kwa upande wa viumbe, nawakumbuka watu wa Kasugho.

Nimebakiza jambo la kuandika, na kwangu hili linashinda hata picha. Intaneti ina daftari kubwa la ndege la dunia liitwalo eBird, lililoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mtu yeyote anaandika alichokiona, wapi, saa ngapi. Fungua ramani yake uitazame Uganda, imejaa alama. Vuka mpaka uje kwetu, inakuwa karatasi tupu yenye madoa machache. Mtafiti wa mbali akiiangalia atadhani huku hakuna ndege. Ndege wapo, waandikaji ndio hawapo! Na haya ndiyo maajabu, kwa sababu hapo Ishango, Semliki inapotoka ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye chale zilizopangwa kwa makundi, wa miaka kama 20,000 iliyopita. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu au ni kalenda ya mwezi. Mfupa wenyewe uko Brussels. Lakini mtu aliyezikata chale hizo alikaa kando ya ziwa letu, akaona kitu, akakihesabu, akaweka alama.

Nianze kuwapa kazi basi, ndogo tu, ya mbayuwayu. Kila mwaka kuanzia Septemba au Oktoba wanafika huku mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na amevuka jangwa la Sahara. Wanajaa kwenye nyaya, kisha mwezi wa tatu au wa nne wanaondoka. Lakini tuna pia mbayuwayu wenyeji, na wengi wetu tunawachanganya. Mgeni ana koo jekundu, halafu chini yake mkanda mpana wa giza unaozunguka kifua, tumbo jeupe. Mwenyeji wetu wa milimani wekundu wake unashuka mpaka kifuani, mkanda wake ni mwembamba na umekatika, tumbo ni la kijivu. Na dalili iliyo rahisi kuliko zote: anayejenga kiota cha udongo chini ya paa lako, anayelisha watoto pale, huyo si wa Ulaya. Wa Ulaya hawazalii huku, wamekuja kula.

Andikeni tarehe ya kwanza mliyowaona kwenye nyaya na tarehe ya mwisho, pamoja na mtaa. Vulamba, Bulengera, Mususa, Kimemi. Beni nako, Bungulu, Mulekera, Beu, Ruwenzori. Beni iko chini zaidi, ina joto, yawezekana tarehe zao zikatofautiana na zetu. Mimi ningependa kujua. Katikati ya Januari nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, nasi mabwawa tunayo. Mwenye bwawa la samaki ambaye kila asubuhi anamkuta korongo amesimama majini akimeza tilapia za mkopo, najua hasira zake. Kabla hujaokota jiwe, mpige picha, uandike saa, uandike alimeza wangapi. Picha na madaftari yaleteni hapa studio, mlinzi wa getini ameshaambiwa. Viota msivitaje.